Kuni za kikundi: tunalipia maji, na msumeno mnaumaliza kwenye mawe

Bapapa na bamama wa kuni za pamoja hapa Ndosho, mtaa wa Goma, leo hakuna kuzunguka. Mzigo ulioshushwa kwa jina la "kuni kavu" ni mbichi. Nyufa za kwenye ncha si ushahidi: mkaratusi unapasuka nchani ndani ya siku chache tu, moyo wa gogo bado umejaa maji. Atakayeleta tena picha ya nyufa, aje na mizani.

Mkaratusi uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kipande cha kilo 10 kikikauka mpaka maji yabaki asilimia 20 ya uzito wake mpya, kitapima kilo 6 na robo. Chagueni vipande vitatu vya katikati ya rundo (si vya juu, tunawajua), viandikeni namba kwa kaa, vipimeni kila juma. Uzito ukiacha kushuka majuma matatu mfululizo wakati wa kiangazi, hapo ndipo mtasema kavu. Kabla ya hapo mama anayechemsha maharagi anatumia moto wake kukausha kuni kwanza, sufuria inangoja, na macho yanalipa.

Juu ya nini hazikukauka? Magogo yalilazwa mazima na magome yake, kisha yakafunikwa shitingi, yaani turubai la plastiki, mpaka chini. Gome ni koti la mvua! Maji yanatokea kwenye ncha na pale shoka lilipopita. Shitingi ikifungwa pande zote rundo linakuwa sufuria yenye kifuniko: asubuhi matone upande wa ndani, baadaye ukungu, mwisho uyoga. Ifunike juu tu, upepo wa ziwa upite ubavuni. Chini tandikeni mawe ya volkano, maana maji hayatuami humo, juu yake miti miwili ya kubebea, kisha mstari mmoja wa kuni usiogusa ukuta wa parseli (kiwanja).

Na kupasua ni siku ile ile ya kukata. Urefu sentimita 33, unene usizidi 10. Mkaratusi mbichi unasikia shoka. Ukiachwa miezi, nyuzi zake zilizosokotana zinaishika kabari na haitoki. Wale wa "tungoje zikauke ndipo tupasue" ndio wanaotulipisha wapasuaji mara mbili. Zikipasuliwa mwezi wa sita, mvua za mwezi wa tisa zinazikuta zimeenda mbali katika kukauka. Magogo mazima ya unene wa paja, hata mwaka unaweza usitoshe.

Halafu hii kelele ya wizi, ati rundo linapungua baada ya kukatwa. Steri moja (rundo la mita 1 kila upande) ya magogo ya mita 1, ikikatwa kwa sentimita 33 na kupangwa upya, inatoka kama 0.7 ya steri. Vipande vifupi vinabanana vizuri, kilichopungua ni hewa. Anayetaka haki yake apime kabla msumeno haujawashwa, si baada ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kufika mlangoni kwake.

Sasa msumeno wa mota wenyewe, na hapa hasira ndiyo kubwa. Ni nani anayekata gogo likiwa limelala juu ya lava? Cheni ikigusa lile jiwe hata kitambo kidogo, makali yamekwenda. Jengeni farasi wa miti, herufi X mbili na mti wa kuziunganisha, na sugueni mchanga kwenye gome kwa brashi ya waya kabla ya kukata. Msumeno unaotoa unga badala ya vipande vidogo vya mti ni butu. Kuukandamiza kunachoma tu bamba linalobeba cheni. Ukikata ukapinda upande mmoja, meno ya upande mmoja ni mafupi: mtu amepiga tupa mkono wa kulia akachoka kushoto. Idadi ya mapigo iwe sawa kila jino, pembe digrii 30, ukisukuma kwenda mbele tu.

Kuhusu esansi (petroli): mafuta ya kuchanganya ya mashine za 2T ni mililita 100 kwa litre 5 za esansi, yaani esansi 50 kwa mafuta 1. Kuna anayemimina kwa macho "ili injini isikauke". Matokeo ni buji (plagi ya cheche) nyeusi na tundu la moshi lililoziba masizi. Tena Goma tuko kwenye mita 1,500 hivi, hewa ni nyepesi, kabureta, inayochanganya esansi na hewa, ikiwa ilipangwa bondeni tayari inakunywa esansi kupita kiasi. Na oili chafu iliyotolewa kwenye gari isiwekwe tena kwenye tangi la mafuta ya cheni: imejaa vumbi la chuma, pampu inaziba.

Mzigo ujao, asiyekuja na shoka siku ya kukata abebe magogo yake mazima akayafanyie uyoga kwake. Na aliyechukua tupa ya milimita 4.8 kwenye sanduku airudishe kabla ya jumamosi. Cheni yetu ni ya kipimo cha inchi .325, ile tupa ya 5.2 mliyoacha humo inaharibu jino.