Tupeane uzoefu: jaketi gani la baiskeli kwa baridi hii ya Julai?

Mkaazi wa Kinoo
Wakuu, leo alfajiri pale Kangemi nimepitwa na mzee wa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, blanketi la Kimasai mabegani, koti la suti ndani, na anapiga mluzi. Mimi nyuma yake meno yanagongana ndani ya jaketi jipya la dukani ambalo bei yake sitaitaja kwa sababu mke wangu husoma hapa.

Wanaotoka huku juu wanajua. Asubuhi ni mteremko hadi Westlands. Hukanyagi sana, mwili hautoi joto, na upepo wote unaishia kifuani. Jioni ni kinyume, unapanda Waiyaki Way ukiloa jasho, na jaketi lile lile unatamani kulitupa kwa matatu inayopita. Nyinyi mnavaa nini? Leteni visa. Na mtu asiniambie nivae sweta mbili.

Embakasi Mapema
Sweta mbili.

Pedali za Dago
Hahaha, huyu hakosi.

Embakasi Mapema
Sasa bila mzaha. Yangu ni tofauti kwa sababu mimi asubuhi napanda, Embakasi hadi Upper Hill. Mwaka juzi nilinunua koti la mvua la plastiki nikidhani nimemaliza kesi. Maji ya nje hayakuingia, lakini ya ndani hayakutoka. Nilifika ofisini shati limenigandia mgongoni, nikaingizwa moja kwa moja kwenye mkutano, chumba kina kiyoyozi. Nikaanza kutetemeka mbele ya wageni. Meneja akaniuliza kama nina malaria, na kwa kuwa sikuwa na jibu zuri nikasema ndiyo. Nikatumwa zahanati, nikadungwa kidole.

Tangu hapo natoka nyumbani nikihisi baridi kidogo. Ukihisi joto mlangoni, ukifika Mombasa Road utakuwa umechemka.

Nyahururu Damu
Nyinyi watu wa Nairobi mnaongea kuhusu baridi gani? Sisi tuko zaidi ya mita 2,300, asubuhi nyasi zina weupe, na watoto wanaenda shule na sweta moja yenye tundu kiwikoni.

Mpwani Aliyehamishwa
Weye wa Nyahururu tuwache. Mimi kwetu Kisauni shuka huwa ni pambo la kitanda. Mwezi wa saba hapa Nairobi huvaa soksi mbili na bado vidole sivioni. Hayo mashindano ya nani kateseka zaidi yatakusaidia nini, yakhe?

Nyahururu Damu
Nimesema tu ukweli.

Mpwani Aliyehamishwa
Basi ukweli wako uvae, uone kama una zipu.

Mama wa Karia
Nimecheka peke yangu jikoni. Mimi nasambaza mayai Kawangware na Lavington kabla hakujapambazuka, na julai jua hapa halitoki mpaka saa kumi na mbili na nusu imepita. Nawaambia nilichojifunza kwa watu wa boda: jaketi zito unalivaa nyuma mbele. Zipu inakaa mgongoni, kifuani kunabaki kitambaa kizima kisicho na mwanya wa upepo. Kwa baiskeli nalifunga mbele tu kama aproni, mgongo nauacha wazi upumue. Nikifika mlimani navuta mikono natoka. Chini nina leso nimejizungushia kifuani.

Wakinicheka wanicheke, mayai yanafika.

Pedali za Dago
Mama, hiyo ya mgongo wazi ni akili kubwa. Yale majaketi ya bei ya waendesha baiskeli wa mashindano yako hivyo hivyo: mbele kitambaa cha kukata upepo, mgongoni wavu wavu wa kutoa jasho. Wewe umefika bila kulipa elfu kumi na tano.

Kijana wa Zimmerman
Kwani si mununue tu lile jaketi la manyoya ya bata? Ni jepesi, linakunjika linaingia kwenye begi, na soko la mtumba la Gikomba yako kibao. Joto lake si la mchezo.

Tigoni hadi Ruaka
Kijana, umenigusa kidonda. Ngoja niwamwagie yote.

Ilikuwa Jumapili ya Julai, tumepanda na wenzangu hadi Limuru. Nilikuwa na jaketi hilo hilo unalolisifu. Muuzaji aliniapia ni kamera, la kwanza kutoka mtumba ulipofunguliwa. Kupanda nililiweka begini. Limuru nikalivaa na nikawa mfalme. Wenzangu wamekumbatia vikombe vya chai, mimi nimekaa nje nahema mvuke na kutoa maoni kuhusu siasa.

Tulipoanza kuteremka kupitia Tigoni yakaanza yale manyunyu ambayo hata huwezi kuyaita mvua, ukungu unaolowesha. Sasa manyoya ya bata yanafanya kazi kwa kushika hewa. Yakilowa yanashikana donge donge, hewa inaondoka, unabaki na vitambaa viwili vyembamba na maji katikati. Lile jaketi lililala mwilini. Wenzangu wakanitangulia, nikabaki na ukungu na majani chai pande zote mbili.

Mwanzo nilitetemeka, na kutetemeka si kubaya. Halafu vidole vikaacha kunisikia. Nauambia mkono kamata breki, mkono unanitazama. Breki ya nyuma nikaweza kuibana kwa kiganja, ya mbele hapana. Kasi inapanda, kona hiyo, upande wa kulia kuna lori linakuja, kushoto kuna ua wa kayaba. Nikachagua kayaba.

Aliyekulia bara anaijua miiba ya kayaba. Jaketi likachanika kutoka begani hadi kiunoni. Na yale manyoya ya mgongoni, ambayo begi lilikuwa limeyakinga yasilowe, yakatoka yote kwa pamoja. Barabara ikawa nyeupe. Mtoto mmoja langoni akaangalia, akakimbia ndani akipiga yowe kwamba mtu wa baiskeli amegonga kuku.

Mwenye boma akatoka. Hakuniuliza kama nimevunjika. Aliangalia manyoya, akaenda akahesabu kuku wake, na kwa mkosi wangu jogoo mmoja hakuonekana. Mimi nataka kujieleza lakini midomo imeganda, natoa "jjj, jjj" tu, na yeye anaona huyu ameshindwa kujitetea. Majirani wakafika. Mmoja akashauri baiskeli ibaki hadi nilipe.

Mzee mmoja akainama, akaokota unyoya, akauzungusha kwenye mwanga. Akasema, "Huu si wa kuku. Huu ni wa bata." Watu wote wakanyamaza. Halafu yule mama akauliza, "Na bata ni wa nani?"

Pedali za Dago
Nimeanguka chini. NA BATA NI WA NANI.

Mama wa Karia
Woiye. Na ukalipa?

Tigoni hadi Ruaka
Waliona natetemeka vibaya wakanipeleka jikoni, nikakaa karibu na moto, nikapewa uji. Midomo ilipofunguka nikaeleza, wakacheka, lakini suala la jogoo likabaki pale pale. Nilitoa mia tano.

Embakasi Mapema
Mia tano ya jogoo ambaye hukumgusa? Kulipa ni kukiri. Wewe umeharibia wengine, sasa kila mwendesha baiskeli akipita Tigoni anadaiwa.

Nyahururu Damu
Uji, moto, na roho yake. Mia tano ni rahisi. Kwetu jogoo ni elfu moja na mia tano.

Embakasi Mapema
Kwenu kila kitu ni kikubwa.

Kijana wa Zimmerman
Lakini jogoo alipatikana?

Tigoni hadi Ruaka
Sijui, na ile njia siku hizi siipiti.

Sista wa Zamu ya Usiku
Mmecheka vya kutosha, sasa nisikilizeni kidogo. Vidole kukataa kazi na ulimi kuwa mzito ni dalili kwamba joto la mwili linashuka. Likienda chini ya nyuzi 35 hiyo ni hali ya hatari, na haihitaji theluji. Manyunyu, nguo iliyolowa na upepo vinatosha. Hesabu ya upepo iko hivi: hewa ikiwa nyuzi 10 na wewe unateremka kwa kilomita 40 kwa saa, ngozi inapigwa kama vile ni nyuzi 6. Na hapo bado hujalowa. Limuru tena iko zaidi ya mita 2,200 na mjini ni karibu 1,800, kwa hivyo huko juu tayari umepungukiwa nyuzi mbili au tatu kabla hujakalia kiti.

Mkono ukianza kukataa breki, shuka utembee. Usingoje kona. Vua kilicholowa, vaa kikavu, kunywa kitu cha moto chenye sukari.

Msee wa Kasarani
Au kapakiti ka kitu kikali. Kanapasha papo hapo.

Sista wa Zamu ya Usiku
Hapana kaka. Pombe inapanua mishipa ya damu kwenye ngozi, unahisi joto ilhali ndilo linalokutoka. Na uko kwenye baiskeli, kwenye mteremko.

Msee wa Kasarani
Sawa sista. Nilikuwa nauliza kwa niaba ya rafiki.

Fundi wa Toi
Nashona na kurekebisha majaketi, na wengi mnaoniletea mnanunua kwa macho. Ukiwa sokoni fanya hivi. Weka kitambaa mdomoni, pumua kwa nguvu. Hewa ikipita upande wa pili, hilo halikati upepo hata likiwa zito vipi. Halafu geuza ndani nje. Majaketi mengi ya mvua ya mtumba yamekaa miaka, ule utando wa ndani umeanza kubanduka magamba au kunatanata. Likinata, rudisha, hakuna dawa ya hiyo.

Kaa kama uko kwenye baiskeli, nyoosha mikono mbele. Jaketi la kawaida litapanda, mgongo wa chini utabaki nje na vifundo vya mikono vitaonekana. Unataka la nyuma refu na mikono mirefu. Hudi ya pamba usiinunue kwa kazi hii. Pamba inakunywa maji na haiyaachi. Sufu hata ikilowa inabaki na joto, flisi inakauka haraka.

Jaketi zuri lisilopumua naliwekea zipu za kwapani. Ukipanda unafungua, ukishuka unafunga. Yule wa Kinoo hiyo ndiyo yako.

Mkaazi wa Kinoo
Asante fundi, hapo ndipo nilipotaka tufike. Kumbe wa Embakasi na mimi hatuwezi kuvaa kitu kimoja. Yeye asubuhi anapanda, mimi nashuka.

Mzee wa Raleigh
Vijana, gazeti. Linaingizwa kifuani chini ya shati kabla ya kuteremka. Hata wale wa Tour de France walikuwa wanapokezwa magazeti juu ya milima, wanayasukuma ndani ya fulana na kushuka. Ukifika chini unalitoa, kifua kikavu.

Kijana wa Zimmerman
Mzee wangu, gazeti nani ananunua siku hizi? Habari ziko kwenye simu. Mimi hutumia mfuko wa plastiki.

Sista wa Zamu ya Usiku
Iliyopigwa marufuku tangu 2017? Na uliipata wapi?

Kijana wa Zimmerman
Nimefuta kauli.

Pedali za Dago
Jambo moja hamjaligusa. Rangi. Kila mtu ananunua jaketi jeusi. Saa kumi na moja alfajiri Ngong Road uko na jaketi jeusi, baiskeli nyeusi na hakuna taa, dereva atakuonaje? Langu ni la kijani kinachopiga kelele.

Msee wa Kasarani
La kijani linakuonyesha kwa dereva na kwa wezi pia. Mimi nilipokonywa langu kwenye kivuko cha juu pale Thika Road. Nyeusi inapita kimya.

Pedali za Dago
Bora mwizi kuliko lori. Mwizi unaongea naye.

Msee wa Kasarani
Hujakutana na wangu.

Mama wa Karia
Vaeni jeusi, juu yake lile koti jepesi la reflekta la watu wa boda. Ukifika mahali pabaya unalivua, linaingia mfukoni. Na mikono: glavu za sufu, juu yake zile za mpira za kuoshea vyombo. Breki unazisikia vizuri.

Mpwani Aliyehamishwa
Hiyo ya glavu za vyombo naichukua leo leo. Ahsante mama.

Fundi wa Toi
Nimesahau kitu. Mkifua flisi au lile la kukata upepo, msitie dawa ya kulainisha nguo. Inaziba nyuzi, jasho halitoki tena, halafu mnaniletea mkisema nimewauzia uchafu.

Mkaazi wa Kinoo
Fundi, nina lile jaketi la dukani. Linakata upepo, nimepuliza hapa sasa hivi hewa haipiti. Shida ni jioni tu. Kuweka zipu za kwapani ni ngapi?

Fundi wa Toi
Mia nne zote mbili. Ukija na zipu zako, mia mbili na hamsini. Leta likiwa limefuliwa. Jumapili sifungui.