Jazz Bass ya 1962: nitatofautishaje ya asili na toleo la marudio?

Mpiga Besi wa Tanga

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninapiga besi katika bendi ya dansi hapa Tanga, na mzee mmoja anayependa kuja kutusikiliza anauza Fender Jazz Bass, gitaa la besi la umeme, aliyoletewa na mwanawe kutoka Ulaya. Anaamini kwa moyo safi kwamba ni ya mwaka 1962, na bei anayoitaja ni ya gitaa la mwaka huo. Nimeishika mara moja tu. Ina nobu mbili za ghorofa, yaani moja ya sauti imekaa juu ya nyingine ya toni, na rangi yake imechakaa mahali mkono unapoegemea. Ninafahamu kwamba tangu mwaka 1982 kampuni ya Fender yenyewe imekuwa ikitoa upya mitindo yake ya zamani. Naomba kujua nitaitambuaje, na kama ni ya marudio, je, nitakosa kitu cha maana katika upigaji?

Fundi wa Nyuzi

Shikamoo kwa mzee huyo, na pole kwa kazi ya kumwambia ukweli ikiwa utakuwa mchungu. Nobu za ghorofa zisikushawishi. Ni kweli Jazz Bass ilianza nazo mwaka 1960, na ilikuwa karibu na mwaka 1962 ambapo zilianza kuachwa na nobu tatu za kawaida zikachukua nafasi yake, lakini matoleo ya marudio nayo yamewahi kutengenezwa na nobu hizohizo.

Anza na bamba la chuma lililo nyuma, pale shingo inapoungana na mwili. Namba inayoanza na herufi V ni ya marudio yaliyotengenezwa Marekani, na inayoanza na JV ni ya marudio ya Japani. Hata hivyo bamba hushikwa na skrubu nne tu, na mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa gitaa lenye bamba la zamani juu ya mwili mpya, kwa hiyo usiishie hapo. Muombe mzee ruhusa, legeza nyuzi, toa skrubu hizo nne na uitazame shingo kwenye kitako chake. Utaona mstari unaotenganisha ubao mweusi wa vidole na mti mweupe wa mepo. Mpaka katikati ya mwaka 1962 mstari huo ulikuwa umenyooka kama rula, kwa kuwa ubao ulikuwa kipande kinene kilichobandikwa juu ya shingo bapa. Baada ya hapo ukawa umepinda, kwa sababu ubao ulianza kuchongwa mwembamba ufuate mviringo. Toleo la marudio la 1962 nalo lina ubao mnene, kwa hiyo mstari ulionyooka haukupi uhakika, lakini uliopinda pamoja na nobu za ghorofa ungenitia shaka papo hapo.

Kisha fungua sehemu ya nobu na usome namba zilizogongwa kwenye vidhibiti vyenyewe, yaani visehemu vya umeme vinavyozungushwa na nobu. Tarakimu tatu za mwanzo ni za kiwanda, 304 kwa Stackpole na 137 kwa CTS, halafu hufuata mwaka na wiki. Namba kama 304 6152 inasema wiki ya 52 ya mwaka 1961. Hapo ndipo mimi huamini.

Nyuzi Nne

Fundi amemaliza upande wa utambuzi, nami naomba kuongeza kuhusu upigaji, kwani ndicho kitakachokulisha. Chukua rula upime kutoka katikati ya pikapu moja, yaani kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, hadi katikati ya nyingine. Katika muundo wa miaka ya 1960 utapata kama milimita 91. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pikapu ya nyuma ilisogezwa kuelekea daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini, na umbali ukawa kama milimita 102. Kipimo hiki hakitenganishi asili na marudio, lakini kinakuambia utasikika vipi jukwaani, maana pikapu iliyosogea nyuma hutoa sauti nyembamba na kali zaidi, na katika dansi, ambapo magitaa matatu yanagombania nafasi, mimi hupendelea iliyokaa mbele zaidi, kama ya miaka ya 1960, yenye sauti iliyojaa.

Tofauti ya mbao ipo. Ubao wa asili ulikuwa rosewudi ya Brazili, ndugu wa karibu wa mpingo wetu, na biashara ya kimataifa ya mti huo imezuiwa tangu mwaka 1992; marudio kwa kawaida hutumia rosewudi ya India. Rangi ya marudio nayo mara nyingi ni vanishi ya nitroselulosi iliyopakwa juu ya tabaka gumu la polista. Lakini sauti nzito na fupi unayoisikia katika rekodi za zamani ilitokana kwa sehemu kubwa na nyuzi bapa, yaani zenye uso laini usio na mikwaruzo, na vipande vya kuzimia mwangwi vilivyowekwa karibu na daraja, na hivyo unaweza kuviweka kwenye gitaa lolote.

Jambo moja kwa hali ya hewa ya pwani: katika miundo hii fimbo ya kunyooshea shingo hukazwa kwenye kitako, kwa hiyo kila masika shingo inapopinda itakubidi uilegeze skrubu au uitoe kabisa. Marudio ya mtindo huo yameirithi taabu hiyo kwa makusudi.

Mpiga Besi wa Tanga

Nimerudi kwa mzee leo mchana, tukaifungua pamoja juu ya mkeka sebuleni kwake. Bamba linaanza na V, kitako kina mstari ulionyooka, umbali wa pikapu ni milimita 91, na vidhibiti vimegongwa 137 na mwaka 84. Mzee alizisoma namba hizo mwenyewe kwa miwani yake, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza bei ya haki ni ipi. Tumekubaliana nilete mtu wa tatu atupimie Jumamosi, na nyuzi bapa nimeshaagiza.