Naomba ushauri: ninunue toleo lipi la albamu ya kwanza ya Santana?

Habari zenu, ndugu wapenzi wa muziki. Nataka kununua albamu ya kwanza ya Santana, bendi ya roki ya Marekani, iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Columbia mwaka 1969, mwezi uleule wa tamasha la Woodstock, yenye jalada la kichwa cha simba ambacho ukikitazama kwa karibu unaona kimeundwa kwa sura za watu. Kinachonitatiza ni wingi wa matoleo. CD ya mwaka 1998 imeongezewa nyimbo tatu za Woodstock, ikiwemo Soul Sacrifice, wakati toleo la mwaka 2004 lina diski mbili, na ndani yake zimo pia rekodi za awali zilizosimamiwa na David Rubinson, ambazo hazikutumika kwenye albamu. Mimi hasa hufuata ngoma: namna konga na timbale zinavyojibizana na kinanda cha Gregg Rolie katika Jingo, wimbo wa Mnigeria Babatunde Olatunji. Kwa mliosikiliza matoleo yote mawili, ngoma hizo zinasikika vizuri zaidi katika lipi, au nitafute santuri ya zamani, hata yenye mikwaruzo? Na rekodi za Rubinson, je, zinastahili nyongeza ya bei, au ni za kusikilizwa mara moja na kuwekwa kabatini?