Mashini mbili za bunga, shemeji mmoja: Ets ao SARL?

Mama Bunga (Katuba)

Jambo yenu wote. Niko na mashini ya kusaga bunga (unga) wa mahindi hapa Katuba, Lubumbashi, tangu 2019. Niliinunua kwa makuta ya likelemba, ile michango ya zamu, zamu yangu ilipofika. Mwaka jana shemeji yangu, mdogo wa bwana wangu, alileta mashini ya pili, ya mazuti (dizeli), tukaiweka kwenye parseli ile ile ili umeme ukikatika kazi isilale. Kila siku ya posho (Jumamosi) jioni tunafungua daftari, tunagawana. Karatasi kati yetu hakuna.

Sasa kantini ya kampuni moja ya mgodi inataka mifuko 80 ya kilo 25 kila mwezi. Wanadai RCCM (namba ya rejista ya biashara), Id. Nat. (namba ya biashara ya kitaifa), namba ya kodi na konti ya benki yenye jina la biashara. Mimi niko na patenti tu, karatasi ya wafanyabiashara wadogo. Shemeji anasema tuandike Ets, biashara ya mtu mmoja, kwa jina lake, eti ni haraka. Kijana mmoja anayezungusha karatasi za watu maofisini ananiambia SARL, kampuni ya washirika, tena nilete barua ya ruhusa ya bwana. Ile mashini ya kwanza ni jasho langu. Nifanye nini?

Kadogo wa Kenya (Lubumbashi)

Mama, unajisumbua. SARL ni ya matajiri, wanaomba kapitali kubwa. Peleka patenti yako na mfuko mmoja wa bure juu, watanyamaza.

Papa Hesabu

Kadogo, utampoteza mama wa watu. Kantini ikikubali mwezi wa kwanza, mhasibu wao atakataa fakitire mwezi wa pili. Nimeshika vitabu vya hesabu vya watu miaka 22 mjini hapa, najua ninachosema.

Mama, nianze na kilichonikuta mimi. 2011 mimi na rafiki yangu tulinunua lori la kubeba mahindi kutoka Kasumbalesa, kila mtu nusu. Karatasi za lori zilikuwa kwa jina lake, maana siku ile mimi nilikuwa na malaria. 2015 akafariki. Kilio hakijaisha, wajomba zake wakaja kuchukua lori: jina ni lake, basi ni la familia. Sawa. Wiki iliyofuata, muuza matairi aliyetukopesha akanigongea mlango mimi! Mshirika ni wewe, lipa. Lori limeenda, deni limebaki.

Na muuza matairi alikuwa na haki. Watu wawili wakifanya biashara pamoja bila kuandika kitu, sheria ya OHADA, ile sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, inaiita sosiete ya vitendo. Jaji akiitambua, anaipima kwa kanuni za SNC, kampuni ambayo washirika wanajibu madeni bila mpaka: kila mshirika anadaiwa deni lote, hata kwa mali ya nyumbani. Mama, wewe na shemeji mko humo tayari, kila siku ya posho mnapofungua daftari.

Ets ni mtu mmoja aliyevaa jina la biashara. RCCM itakuwa ya shemeji, konti ya shemeji, deni la shemeji. Mashini yako itakaa kwenye parseli kama mgeni asiye na kadi. Kama ni Ets, basi iwe yako, na yeye akukodishie mashini yake kwa mkataba ulioandikwa. Lakini hapo parseli yako ndiyo itakayojibu madeni.

SARL ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria. Yenyewe ndiyo inanunua, inadai na kudaiwa; ninyi mnapoteza mlichoweka ndani, basi. Kapitali hapa Kongo mnaipanga wenyewe katika katiba ya kampuni. Kadogo anafikiri nyakati za wazee: kabla Kongo haijaingia OHADA tarehe 12 Septemba 2012, tulikuwa na SPRL kwa watu kama sisi, na SARL ya wakati ule ilikuwa kampuni kubwa ya kuombea ruhusa ya Rais. SPRL ndiyo iliyogeuka SARL, ile kubwa ikawa SA. Jina lilihama, woga ukabaki.

Ila usidanganyike kwamba SARL ni ngao ya chuma. Ukienda kukopa, benki itakuomba usaini dhamana wewe binafsi. Na ukilipa karo ya watoto kutoka konti ya kampuni, umeitoboa mwenyewe.

Ile barua ya bwana: yule kijana anakula kwa sheria iliyokufa. Kanuni ya Familia ya 1987 ndiyo iliyoidai. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ikaiondoa.

Dada Kamalondo

Na koperative je? Sisi wa mboga tuko nayo.

Papa Hesabu

Dada, ile nyepesi inaanza na watu watano, na kila mtu kura moja hata kama ameleta ndoo tu. Kwa mboga zenu, vizuri. Mama ana mashini na shemeji mmoja.

Mama Bunga (Katuba)

Asante papa. Nimemsomea shemeji habari ya lori, akanyamaza muda mrefu. Amekubali SARL, mimi ndiye jeran, msimamizi wake. Lakini anataka mashini yake iandikwe dolari 4,000, yangu 1,500, eti yangu imezeeka. Yake aliinunua mjini Likasi, ikiwa imetumika! Na tukifa?

Papa Hesabu

Mashini mnazitia thamani wenyewe ikiwa hazizidi faranga za CFA 5,000,000, ndiyo fedha ambayo sheria ya OHADA inahesabia. Zikizidi, anaitwa mtaalamu wa kuzipima. Lakini mwambie hivi: kwa miaka mitano mnajibu wote wawili, kwa mali zenu, kama bei mliyoandika ni ya uongo. Ataipunguza.

Kufa: hisa zinaenda kwa warithi moja kwa moja, isipokuwa katiba iseme wakubaliwe kwanza na anayebaki. Andikeni hivyo. Wakikataliwa wanalipwa thamani, mashini inabaki inasaga. Na kila mwaka mkutano wa hesabu ufanyike ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, hata kama mko wawili tu mezani na bukari (ugali).

Mama Bunga (Katuba)

Tumekubaliana 2,200 yake, 1,900 yangu. Kazi moya (Jumatatu) tunaenda Guichet Unique, ofisi ya kuandikisha kampuni. Mashini yake iko na ufa chini ya faneli, nimeupiga picha mbele yake.