Sainasi: makamasi ya kijani ndiyo antibayotiki? Na pua inaoshwaje?

Mvule
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mtu mzima ana mafua, siku ya 5 makamasi yamekuwa ya kijani, mashavu na paji la uso vinauma akiinama. Duka la dawa wamempa amoksilini na matone ya kuzibua pua. Rangi hiyo inatosha kuanza antibayotiki? Matone ni siku ngapi? Na maji ya chumvi yanachanganywaje?

Chumba_cha_Pua
Rangi haitoshi, mkuu. Ukijani unatoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazopambana, na mafua ya virusi huutoa vilevile.

Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, na kila kimoja humwaga ute puani kupitia kitundu chembamba. Utando ukivimba kitundu huziba, ute unakwama, uso unauma. Cha shavuni husumbua zaidi kwa sababu kitundu chake kiko juu: ute haushuki wenyewe, unasukumwa kupanda na vinyweleo vidogo sana, na mafua huvilemaza.

Bakteria washukiwe kama siku 10 zimepita bila nafuu yoyote, au mgonjwa alianza kupata nafuu kisha hali ikamgeukia, au ana homa ya 39 na zaidi pamoja na usaha puani au maumivu ya uso kwa siku 3 au 4 mfululizo. Kama hana hata kimoja, siku ya 5 anahitaji parasetamoli, maji ya chumvi na subira. Amoksilini hapo itamharisha bure na kuwazoesha bakteria dawa.

Mfamasia wa Pwani
Matone (zailometazolini na ndugu zake): siku 3, zisizidi 5. Yanabana mishipa ya damu puani. Ukizidisha, pua huziba upya kila dawa inapoisha nguvu, mtu anaongeza tena, na hapo ndipo wengi hunasa. Mwenye presha aulize kwanza.

Maji ya chumvi: maji ml 240 yaliyochemka dakika 1 (nyanda za juu kupita mita 2,000, dakika 3), yapoe yawe vuguvugu. Chumvi nusu kijiko cha chai, na bikaboneti ya soda kidogo tu kupunguza mchomo. Tumia bomba la ml 20 lisilo na sindano. Inamia beseni, pumua kwa mdomo, elekeza maji kisogoni, siyo juu kuelekea machoni. Kisha penga taratibu, tundu moja moja. Ukipenga kwa nguvu uchafu huingia sikioni. Ikichoma sana, mara nyingi kipimo cha chumvi kimekosewa au maji ni baridi.

Maji ya bomba yasiyochemshwa, hapana kabisa. Kuna amiba (kijidudu cha majini kisichoonekana kwa macho), Naegleria fowleri, ikipanda puani hufika ubongoni, na wanaopona ni wachache mno. Ni nadra, lakini kuchemsha ni dakika moja tu.

Mvule
Asante sana. Na kujifukiza? Na wale wanaosumbuka miezi na miezi?

Chumba_cha_Pua
Mvuke hulegeza kidogo kwa muda mfupi. Watoto msiwafukize, sufuria ikipinduka wanaungua vibaya.

Ikipita wiki 12 ni sainasi sugu, na kurudia antibayotiki siyo jibu. Dawa yake ya msingi ni kuosha pua kila siku pamoja na steroidi ya kupuliza puani, dawa ya kushusha uvimbe (mometasoni au flutikasoni). Mkono wa kulia upulizie tundu la kushoto, ukielekeza upande wa sikio. Ukipiga ukuta wa kati pua hutoka damu. Wengi huiacha siku ya 3 wakisema haifanyi kazi, kumbe inaweza kuchukua wiki 2. Mwenye pumu asipuuze, kwa kuwa pua isiyotulia huichochea.

Usaha wa upande mmoja wenye harufu mbaya, angalieni magego ya juu. Mizizi yake inapakana na chumba cha shavuni. Kichwa kinachopwita, mwanga unaumiza, kichefuchefu, na makamasi hakuna, hicho huenda ni kipandauso.

Jicho likivimba, akiona vitu viwiliviwili, paji la uso likivimba, shingo ikikakamaa au akichanganyikiwa, hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.