Naomba ushauri: jina la Kiskoti kwa mtoto wetu wa kwanza

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Glasgow na mume wangu ambaye ni Mskoti, na tunatarajia mtoto wetu wa kwanza, ambaye ukoo wa baba yake ungependa apewe jina lenye asili ya Kigaeli, lugha ya kale ya nyanda za juu na visiwa vya magharibi vya Uskoti.

Akiwa wa kiume, tumevutiwa na Callum, linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya njiwa, ambalo pia ndilo jina la Mtakatifu Columba aliyefika kisiwa cha Iona mwaka 563.

Akiwa wa kike, moyo wangu umeliangukia Isla, linalohusishwa na kisiwa cha Islay na kutamkwa "Aila", neno ambalo kwetu lina maana ya jamaa na ukoo. Hofu yangu ni maandishi, kwani huko nyumbani watalisoma kama lilivyoandikwa. Isitoshe, kwa desturi ya zamani ya Waskoti binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa mama, nami nisingependa mama yangu ajione amesahauliwa.

Je, niliandike Aila, au nitangulize jina la mama kisha Isla lifuate? Naomba hasa maoni ya wazazi waliolea watoto wenye majina ya pande mbili.