Mmemfukuza mama wa matunda getini, halafu kantini mnawauzia watoto wetu vinywaji vya enaji (energy drinks)!

Wakuu, hili nimelivumilia hadi nimechoka.

Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Dar. Muhula huu uongozi umemtimua mama aliyekuwa akiuza getini tikiti, embe na mihogo ya kuchemsha. Sababu waliyotoa ni usafi. Sawa, kipindupindu tunakijua. Lakini kumwambia aweke kabati la kioo na ndoo ya maji tiririka kuliwashinda nini?

Tenda ya kantini kapewa mtu mmoja. Nilifika saa nne, mapumziko, nikajionea. Friji imejaa soda na enaji, rafu nzima krispi, biskuti za krimu na pipi. Maji yamefichwa nyuma, mpaka uyaulizie. Tunda hata moja hakuna. Karanga hakuna!

Nikageuza kopo la enaji. Limeandikwa kabisa kwamba halifai kwa watoto, kwa Kiingereza, herufi za kutafutia miwani. Na muuzaji anamkabidhi mtoto mwenye sare ya shule, anachukua hela, anamwita anayefuata. Kafeini hiyo, ile ile ya kwenye kahawa inayofukuza usingizi! Halafu jioni tunashangaa mtoto halali na asubuhi anasinzia darasani.

Soda nayo: chupa ya mililita 350 yenye gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100 ina gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama vijiko sita. Mtoto kashavipita kabla ya saa tano asubuhi!

Mwalimu niliyemuuliza kanijibu, "Mzazi, watoto wenyewe ndio wanavitaka." Si kweli! Watoto hao hao walikuwa wanasukumana kwa yule mama kugombea embe mbichi yenye chumvi na pilipili. Kijana wa miaka 14 ukimhubiria kisukari hakusikii, na ukimsema mwili wake atakula kwa kujificha. Anakula kilicho karibu, kitamu, anachokimudu kwa hela aliyonayo. Basi wekeni karibu tikiti la baridi, mayai ya kuchemsha, bisi, karanga. Chile walipiga marufuku vyakula vya sukari na chumvi nyingi kuuzwa mashuleni tangu 2016. Sisi wenye maembe yanayoozea sokoni tunashindwa?

Nataka enaji zitoke kantini wiki hii, na yule mama arudishwe kwa masharti ya usafi. Kikao cha wazazi ni Jumamosi. Mliowahi kubadilisha kantini za shule za watoto wenu, mlianzia wapi: kamati ya shule, au mlienda moja kwa moja kwa afisa elimu?